Keki Iliyotoka Nje ya Picha

Katubuka, Kigoma. Mvua za mwaka 2024 kuingia 2025.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua imeanza asubuhi, ya kwanza ya maana mwaka huu. Bati la jikoni linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na fundi aliapa limekwisha. Nitamkumbuka.

Nimeanza kuandika tena. Miaka yote ya kazi wodi ya wazazi niliandika ripoti ya zamu, na tangu nistaafu mkono unaniwasha jioni ikifika. Basi, hali ya nyumba ni hii. Tuko wawili, mimi Verediana na Joanitha, mke wa mwanangu Anatoli. Anatoli yuko mgodini Geita, anakuja akipewa likizo. Joanitha ni mtu wa Bukoba, afisa uvuvi hapa mjini, na anakaa na mimi tangu harusi yao ya Septemba. Ana adabu. Adabu yake imezidi kipimo, na mtu wa namna hiyo mimi humwangalia mara mbili.

Jumatano, 20 Novemba

Video ya harusi bado. Clinton, kijana wa studio pale Mwanga aliyepiga picha, anajibu kwenye simu, "Inapikwa, mama." Inapikwa tangu Septemba. Hata makongoro yangekuwa yameshaiva.

Jumamosi, 23 Novemba

Leo nina ya kuandika.

Clinton alileta flashi mchana akakimbia, eti ana sherehe nyingine Ujiji. Kaka yangu Gaudensi alikuwa amekuja kutoka Mwandiga, na jirani yangu Mama Shadia akaja na watu wa kwake. Nilikuwa jikoni nakaanga migebuka, Gaudensi akaiwasha ile televisheni kubwa ambayo Anatoli alininunulia. Nilipoingia tayari walikuwa kanisani, picha imejaa kioo kizima, safi. Nikafurahi. Naandika hilo ili ijulikane kwamba nilianza vizuri.

Tukafika ukumbini. Meza kuu iko katikati, maharusi na wasimamizi wao wanaonekana vizuri sana. Sisi wa bwana harusi tulikaa kushoto. Mimi, Gaudensi kama msemaji wa ukoo, shangazi Recho aliyetoka Kasulu na miguu yake mibovu, na wengine nyuma yetu. Kwenye picha kushoto kuna kiwiko. Kiwiko cha Gaudensi, nilikitambua kwa saa. Zaidi ya hicho, hakuna mtu.

Nikasema labda kamera itageuka. Haikugeuka. Ikafika keki. MC anaita, "Sasa keki ya wazazi wa bwana harusi." Joanitha anainuka na sahani, anatembea kushoto, anatoka kwenye picha. Vigelegele vinasikika. Kisha anarudi na sahani tupu. Mtu asiyekuwepo siku ile ataamini keki ilitupwa jalalani. Mimi ndiye niliyeila. Nililishwa kwa mkono, nikalia mbele za watu, na hakuna kitu cha kuonyesha.

"Vere," Gaudensi akasema, "tumekatwa."

Mama Shadia akasema labda ni bahati mbaya. Bahati mbaya haichagui ukoo.

Halafu nikamwangalia Joanitha. Alikuwa amekaa mbele kabisa, macho kwenye televisheni, hasemi kitu. Mtu asiye na jambo moyoni angeshangaa pamoja nasi. Yeye aliinuka akaenda jikoni, nikamsikia anaosha vyombo nilivyokwisha kuviosha.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimepanda maharage. Mvua ya kutosha.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimekwenda Mwanga kwa Clinton. Nilimwamkia mimi mkubwa kwanza, ili ajue nimekasirika. Nikamwambia ulitukata. Akacheka, akafungua kompyuta yake, akasema, "Mama, mbona mko full? Cheki wewe mwenyewe." Na kweli, tulikuwepo. Recho, Gaudensi, mimi na gauni langu la kijani. Nikamuuliza kwa nini hatukuonyeshwa kwa karibu. Akasema kamera ya pili ilizima kanisani, ukumbini alibaki na moja tu, akaisimamisha mbali ili apate watu wote.

"Basi tuwekee hiyo," nikasema. Akaninakilia upya kwenye flashi, mbele ya macho yangu.

Nimefika nyumbani, nikaiweka. Kiwiko.

Nimekaa nikafikiri. Kuna wauza nyama wanaokuonyesha paja halafu wanakufungia mbavu. Huyu anatuonyesha video moja na kutupatia nyingine. Sasa swali ni nani kamwagiza. Na hapo nimekumbuka: siku ya harusi nilimwona mjomba wa Joanitha, yule wa Dar es Salaam mwenye kofia, amesimama na Clinton nyuma ya ukumbi, wote wana soda. Watu wawili wasiojuana wanazungumza nini wakati chakula kinagawiwa?

Alhamisi, 5 Desemba

Taarifa ya habari siku hizi maandishi ya chini hayaonekani, yanaonekana nusu herufi. Nimepiga simu kwa watu wa king'amuzi. Wanasema kwao kuko sawa. Kila mtu kwake kuko sawa.

Jumapili, 8 Desemba

Gaudensi amepiga. Amewaambia watu wa Mwandiga na wa Kasulu. Wote wameudhika. Shangazi Recho amesema alijua tangu mahari kwamba wale watu wanatuona washamba.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Anatoli hakupewa likizo. Nimemwambia kwa simu habari ya video, akasema, "Mama, ni video tu." Hayo si maneno yake. Mwanangu tangu utoto husema "nitaangalia." Najua nani anampa maneno.

Joanitha amepika ndizi za kwao. Zilikuwa nzuri. Nimekula.

Ijumaa, 3 Januari

Malaria imenilaza tangu Jumanne. Joanitha ameomba ruhusa kazini. Ananigeuza, ananibadilishia shuka, ananipa dawa kwa wakati wake, na anashika kipimajoto kama mtu aliyesomea. Uji una sukari kiasi ninachopenda. Nimejiuliza nani alimwambia kiasi hicho. Sijawahi kumwambia.

Mama Shadia amekuja kuniona. "Umepata mtoto," akaniambia. Mama Shadia anaamini kila mtu, ndiyo maana kuku wake wanaibwa.

Jumanne, 14 Januari

Mama yake Joanitha amefariki.

Simu ilikuja asubuhi. Joanitha alikuwa uani anachambua dagaa. Alisikiliza, akaweka simu chini kwenye ungo, juu ya dagaa, akaendelea kuchambua. Nikajua. Nimeona ndugu wengi wa wagonjwa wakiendelea na kazi iliyo mikononi. Nikamshika bega, akasema, "Mama amekufa, Mama," akaniita mimi vilevile kama alivyomwita yule. Baba yake alishafariki zamani. Sasa amebaki na wajomba.

Ameondoka mchana. Anatoli atamkuta Bukoba, amechukua likizo yake yote ya mwaka kwa ajili hiyo. Mimi sikwenda. Nimesema ni magoti. Magoti kweli yamevimba, lakini yangefika.

Jumapili, 19 Januari

Mvua na upepo. Boti hazikutoka Kibirizi. Nyumba ina sauti ya mtu mmoja.

Jumapili, 2 Februari

Joanitha amerudi. Amenyoa nywele, amekonda, gauni linamzunguka. Ameniletea kahawa ya kutafuna kutoka msibani. Nimempa pole. Alisubiri kidogo, kama kuna neno jingine, kisha akaenda kulala.

Jumatano, 5 Februari

Leo baada ya chakula ameniuliza, "Mama, naweza kuangalia ile video?"

Ile video. Miezi yote hajaigusa, na sasa anaitaka. Ametoka kwao, amekaa na wajomba zake, yule wa kofia akiwemo, na kitu cha kwanza anachotaka ni kuiona harusi ambayo sisi hatumo. Nikamwambia umeme unasumbua. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu wakati nasema.

"Sawa, Mama," akasema.

Jumapili, 9 Februari

Nimerudi misa ya kwanza mapema. Nimemkuta sebuleni, video inacheza, ameondoa sauti. Hakuwa amekaa. Alisimama kando ya televisheni, shavu limegusa ukingo kabisa, anachungulia kwa pembeni kama mtu anayechungulia mlango ulioachwa wazi kidogo.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Hamna kitu, Mama." Akazima.

Anayesema hamna kitu ana kitu. Alikuwa anahakikisha tumekatwa sawasawa, hakuna hata sikio lililobaki. Nimempigia Gaudensi na kumweleza. Amesema, "Ego, ndiyo hivyo, sasa umeona mwenyewe."

Jumamosi, 22 Februari

Mvua imepumzika. Nimevuna maharage machache, mengine yameoza kwa maji.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia Clinton nikamwambia mambo yake tutayapeleka mbele. Amechoka na mimi, na mimi nimechoka naye. Akasema, "Mama, nawatumia linki. Ifungueni mtandaoni muone wenyewe, ndiyo ileile, sijaigusa." Linki akaituma kwa Joanitha. Kwa nini kwa Joanitha? Akasema simu yangu ni ya batani.

Joanitha ana laptopu ya ofisi, ile isiyokubali flashi. Akaiweka mezani, akafungua. Ikazunguka, ikazunguka, kisha sauti ikaanza. Kwaya. Padri. Picha hakuna, mraba mweusi tu. Tukasogeza mbele. Nikamsikia Gaudensi anatoa hotuba ndani ya giza, nikasikia watu wakimpigia makofi ndani ya giza. Mwanzo tulikatwa, sasa tumezimwa.

Nasema haki: Joanitha alihangaika. Alifunga akafungua. Alizima laptopu yote akaiwasha. Kisha akampigia Elikana wa kompyuta pale ofisini kwao, akamweka kwenye spika. Elikana akasema tatizo liko kwenye kivinjari, ndicho kile kinachofungulia mtandao. Kinauachia kazi ya kuchora video mtambo mwingine ndani ya laptopu, na laptopu ya zamani haiwezi, kwa hiyo sauti inapita na picha inabaki. Aende kwenye mipangilio, azime huo msaada, afunge na kufungua upya.

Akafanya. Picha ikaja. Ila sasa ilikuja imevimba, maana laptopu imewekwa maandishi makubwa na kila kitu kinakuzwa nayo. Tuliona katikati ya kanisa tu, kichwa cha Anatoli nusu. Elikana akaanza kumweleza pa kupunguza, na bando likaisha.

Joanitha aliweka mikono usoni. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikajiuliza kitu gani kinamtetemesha mtu kwa sababu ya bando.

Mimi nikachukua simu nikampigia Clinton na kumwita mwizi. Nilimwambia na mengine.

Jumapili, 9 Machi

Joanitha amenunua bando jingine. Linki haifunguki. Clinton ameitoa mtandaoni. Ametuma ujumbe: "Mkiniita mwizi basi hakuna cha kuangalia mpaka tukae kikao."

Mwenye haki hafichi. Nimemwambia Joanitha hivyo. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akaaga kwamba anakwenda kazini, akatoka bila kunywa chai. Leo ni Jumapili. Sijui alikwenda wapi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua kubwa. Njia ya kwenda sokoni imekuwa mto.

Mama Shadia amenijibu swali ambalo sikumuuliza. Joanitha huwa anakwenda kwake Jumapili. "Anakaa tu uani na mimi. Hasemi kitu. Anamenya vitunguu, anaondoka," akasema. Nikamuuliza kama amewahi kusema chochote juu ya video. Mama Shadia akaniangalia. "Verediana, mtoto amefiwa na mama yake."

Najua amefiwa. Nilikuwepo simu ilipokuja.

Jumamosi, 5 Aprili

Gaudensi amekuja na mpango. Kikao Jumamosi ya wiki ya Pasaka, siku ya Muungano, watu hawaendi kazini. Hapa kwangu. Clinton ataitwa na atakuja, amekubali. Kikao kitaamua Joanitha arudi kwao, na asirudi hapa mpaka wazee wake waje kueleza kwa nini walituondoa kwenye harusi ya mtoto wetu. Lazima neno hilo nilitamke mimi, maana mimi ndiye mama.

"Anatoli je?" nikauliza.

"Anatoli ataambiwa."

Sikulala vizuri. Si kwamba namwonea huruma. Nafikiria ile nyumba yenye sauti ya mtu mmoja.

Jumatano, 16 Aprili

Joanitha ameziba bati la jikoni mwenyewe, kwa lami. Halivuji tena. Nimemwambia ahsante. Ameonekana kushtuka.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Anatoli amepiga simu, hana likizo, ameimaliza Januari. Ameniomba niahirishe kikao. Nimemwambia si mimi, ni ukoo. Akasema, "Mama, nani anakaa na wewe? Ukoo au Joanitha?" Nikakata simu.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika polepole kwa sababu nataka kuandika kama ilivyokuwa.

Walikuja asubuhi. Gaudensi, shangazi Recho aliyebebwa na bajaji mpaka mlangoni, na binamu yetu Bonifasi ambaye huwa anaandika maazimio. "Mwakeye," Recho alimsalimia Joanitha, na Joanitha akapiga magoti kumwamkia kama siku zote, kisha akaenda kuweka maji ya chai jikoni. Clinton alikuja na begi lake la kompyuta. Hakucheka safari hii.

Gaudensi akafungua kikao. Akaeleza video, kiwiko, linki iliyotolewa. Kisha akanigeukia. Nikamwita Joanitha aje, akasimama karibu na mlango wa jikoni. Nikasema niliyoambiwa niseme. Na mengine hayakuwa ya kuambiwa, yalikuwa yangu. Nilisema, "Ndugu zako walimwagiza huyu kijana atukate. Wewe ulijua. Ulikaa kwenye nyumba yangu, ukapika kwenye sufuria zangu, na ulijua."

"Sikujua, Mama."

"Mbona ulinyamaza siku ile?"

Akageuza macho kwenye televisheni iliyozimwa.

Gaudensi akasema basi, arudi kwao, aje na wazee wake. Joanitha akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mjomba, nimeshaandika barua ya kuomba uhamisho, tangu Machi. Msiponirudisha, nitakwenda mwenyewe. Ngoja niwaletee chai." Akaingia jikoni. Bonifasi alikuwa ameshika kalamu, hakujua aandike nini.

Clinton akasema, "Wazee, mimi niongee?" Gaudensi akamruhusu. Hakuongea, alichomoa waya kwenye begi, akaunganisha kompyuta yake na televisheni yangu. Ikatokea picha ya kompyuta yake, ile ya kabla hujafungua kitu. Akaitazama. Akaangalia kompyuta, akaangalia televisheni, akarudi tena kwenye kompyuta.

"Huku chini kwenye kona huwa kuna saa," akasema. "Kwenye kompyuta ipo. Kwenye TV yenu haipo. Hata mimi nimekatwa." Akaomba rimoti. Akabonyeza, akatafuta, akakuta. "Nani ameiweka hii kwenye kukuza?"

Hatukuelewa. Akaeleza. Televisheni imeambiwa ichukue kila picha inayoingia na kuivuta mpaka ipite nje ya kioo.

Gaudensi akakohoa. "Mimi. Siku ile ya kwanza. Ilikuwa na mistari myeusi juu na chini. Televisheni kubwa namna hii, kwa nini tuangalie giza? Nikabonyeza mpaka ikajaa."

"Mzee, hiyo video niliipiga pana, kama ya sinema," Clinton akasema. "Ile mistari ilikuwa sawa. Ukiivuta ijae juu na chini, pembeni lazima zitoke nje. Hamkukatwa na mtu. TV ndiyo iliyokata."

Akarudisha palipokuwa. Mistari myeusi ikaja juu na chini. Akafungua video, akasogeza mbele mpaka ukumbini.

Tupo. Wote tupo. Recho na kitenge chake, Gaudensi na kiwiko chake kimeunganishwa na mtu mzima, mimi na gauni la kijani. MC anaita keki ya wazazi wa bwana harusi, Joanitha anatembea kushoto na hatoki popote, anafika kwangu, anapiga magoti na gauni lake jeupe lote, ananilisha. Nalia mbele za watu. Recho akapiga kigelegele kwenye kiti. Gaudensi akampiga Clinton mgongoni, akamwita mwanangu. Bonifasi akaomba irudiwe, ikarudiwa, wakaomba tena. Chumba kizima kilikuwa kinacheka, na mimi nilikuwa nacheka.

Kisha kila mtu akaanza kuongea na video ikaendelea yenyewe. MC akasema, "Na sasa keki ya wazazi wa bibi harusi."

Sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Yapo kwenye video tangu Novemba, lakini kila tulipofika hapo nilikuwa napiga kelele juu yetu. Joanitha akainuka na sahani, akatembea kulia. Na hapo ndipo nilipofahamu. Miezi yote hii, upande ule nao alikuwa anatoka kwenye picha. Alikuwa anaondoka na keki na kurudi na sahani tupu, na mimi sikuwahi kuuliza kaila nani.

Safari hii hakutoka. Alifika kwa mwanamke mdogo wa umbo, kitenge cha zambarau, aliyekaa mwisho kabisa wa mstari. Akamlisha. Kipande kilikuwa kikubwa, mwanamke akaziba mdomo kwa mkono akicheka, na Joanitha akamfuta krimu kidevuni kwa glavu yake nyeupe.

Nikageuka. Joanitha alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliinama akaliweka chini sakafuni, vikombe vyote, akabaki amechuchumaa hapohapo.

"Ndiye huyo," akasema. Hakuna aliyemuuliza.

Nikaona yote niliyoyaandika humu. Amekaa mbele kabisa siku ya kwanza na hasemi kitu. Anaosha vyombo safi. Anaomba kuangalia video baada ya mazishi, na mimi namwambia umeme. Shavu limegusa ukingo wa televisheni. Mikono inatetemeka bando likiisha. Miaka yote wodini nilijisifu kwamba namsoma mtu usoni.

Nikamfuata pale chini. Magoti yalikubali. Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema? Mama yako naye hakuwemo. Kwa nini hukuniambia?"

Hakunitazama, aliendelea kuangalia televisheni. "Harusi mlilipia nyinyi, Mama. Mpiga picha mlimleta nyinyi. Nilijua ni nyinyi mliosema wakatwe. Nikajiambia nitazoea."

 

Nyuma yangu Gaudensi akasema, "Clinton, turudishe kule kwetu, pale pa hotuba yangu." Clinton akasema rimoti anayo mama. Kweli, sijui niliichukua saa ngapi. Gaudensi akanyoosha mkono.

Sikumpa.

Jumapili, 4 Mei

Gaudensi amepiga mara tatu. Sijapokea.

Jumanne, 6 Mei

Nimempigia Anatoli. Nilimweleza yote, hata ya umeme. Kisha akasema, "Mwambie yeye, Mama. Mimi usiniambie."

Jumatano, 7 Mei

Nimemwambia. Nilisema nilidanganya kuhusu umeme, na kwamba magoti yangefika Bukoba. Alisikiliza huku anakunja nguo. Akasema, "Nilijua, Mama. Feni ilikuwa inazunguka." Akaendelea kukunja. Habari ya barua ya uhamisho hakuitaja, na mimi sina uso wa kuuliza.

Jumapili, 11 Mei

Jua kali. Mvua imekwisha, nadhani.

Joanitha alipokuwa anaoga niliwasha televisheni mwenyewe. Imenichukua muda, mara imesimama, mara imerudi kanisani, lakini nilifika mahali pa keki ya upande wa kulia, nikaisimamisha kwa yule mwanamke wa kitenge cha zambarau. Nikaweka rimoti juu ya kiti chake. Nikatoka uani kuanua nguo, nikaacha mlango umerudishwa.

Zilikuwa zimekauka zamani. Nikaanza kuzikunja moja moja palepale kwenye kamba. Nikasikia video inaendelea, kisha inarudi nyuma, kisha inaendelea. Halafu nikamsikia anaongea, polepole, kwa Kihaya, kama mtu anayempa mwingine habari za siku nyingi. Mimi Kihaya sikijui. Nilikaa uani mpaka alipomaliza, na sikujisumbua kujua anasema nini.